Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatoka wodini na kwenda hadi kwenye lango la gereza. Huenda mmoja wenu atauliza: wauguzi wanatafuta nini huko? Jibu ni kwamba wengi wanaotoka katika lango lile hufika kwetu baada ya muda mfupi, wengine wakitembea, wengine wakibebwa kwenye pikipiki. Na wengi wao, ukiwauliza kilichowapeleka ndani, hadithi inaanzia kilabuni: gongo, bangi, ugomvi wa usiku, kuku wa jirani, simu ya mtu.

Katika hospitali yetu ya misheni tunafanya kazi na kikundi kidogo cha watu tunaowaita wasindikizaji. Msindikizaji ni mtu ambaye mwenyewe alikuwa mlevi au mtumiaji wa madawa ya kulevya, akafikishwa polisi, mahakamani au gerezani, kisha akaacha. Sasa anamsindikiza mwenzake aliye katika njia ile ile. Leo hatukukusudia kuwasifu, ingawa wanastahili sifa. Tunataka kueleza kosa tulilolifanya sisi tunaowasimamia, ili parokia au jumuiya nyingine inayofikiria kuanza kazi kama hii isilirudie.

ASUBUHI YA KUTOKA

Fikirini asubuhi ya mtu anayemaliza kifungo chake pale Mpanda mjini. Ana mfuko mdogo mkononi. Nguo alizoingia nazo zimekuwa kubwa, maana amekonda. Kama kwao ni Karema, Inyonga au Mishamo, safari bado ni ndefu. Nyumbani hajui atapokewaje. Mke huenda amerudi kwao. Shamba limeliwa na majani, au kaka yake ameshalilima kama lake.

Mtu huyu ana njia tatu mbele yake: nyumbani, kanisani na kilabuni. Nyumbani ataulizwa maswali. Kanisani anaona aibu kukaa benchi moja na waliomjua. Kilabuni ndiko pekee ambako atapokewa kwa kelele za furaha na kununuliwa kikombe cha kwanza, bila yeyote kumuuliza ametoka wapi. Kwa hiyo saa chache za kwanza zina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani, na ndizo saa ambazo msindikizaji anapaswa kuwa pale.

Siku za msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutolewa wakati wa sikukuu ya Muungano au ya Uhuru, hutoka wengi kwa pamoja. Siku hizo kazi ya msindikizaji mmoja huwa kazi ya watu watano.

MWILI UNAPOINGIA NA UNAPOTOKA

Kabla ya kuendelea, tueleze jambo la afya ambalo kila familia inapaswa kulijua. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa. Mwili uliozoea pombe kila siku umejipanga kuishi nayo, na ukinyang'anywa ghafula huchafuka.

Hebu tumfuate mlevi aliyekamatwa Jumamosi usiku. Jumapili ataanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na degedege, hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani au kusikia watu wanaowaita. Ndugu zake husema ana mashetani, walinzi hudhani anajifanya. Ukweli ni kwamba mtu huyu anaweza kufa. Anahitaji hospitali siku ile ile. Huko atapewa dawa ya kumtuliza, vitamini B1 ya sindano kabla ya dripu ya sukari, na maji ya kutosha. Ndugu mwenye mgonjwa wa namna hii mahabusu asisite kumwambia askari wa zamu: “Afande, huyu alikuwa anakunywa kila siku.” Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha.

Hatari ya pili iko mlangoni wakati wa kutoka. Mtu aliyekaa miezi minane bila pombe, mwili wake umesahau mazoea. Lakini kichwa chake kinakumbuka kipimo cha zamani. Akirudi kilabuni na kunywa kama alivyokuwa akinywa, kipimo kile ambacho zamani kilimchangamsha sasa kinaweza kumzimisha. Analala chali, anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu, na asubuhi anakutwa wa baridi. Kwa watumiaji wa heroini hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 jarida la matibabu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani katika jimbo la Washington. Katika wiki 2 za kwanza baada ya kutoka, hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 kuliko ya wakazi wengine wa jimbo lile, na sababu iliyoongoza ilikuwa madawa kupita kiasi. Hapa kwetu Katavi adui tunayemwona zaidi wodini ni gongo, lakini mwili wa binadamu ni mmoja.

Tusisahau pia kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Gereza ni mahali pa watu wengi katika chumba kimoja. Aliyeanza dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi akiwa ndani, akatoka bila barua ya uhamisho na bila mtu wa kumpeleka kliniki, mara nyingi ndiye anayekatiza dozi. Msindikizaji mwema huuliza mapema: “Dawa zako ziko wapi? Kadi yako ya kliniki iko wapi?”

ALIYEFUNGWA ANAJUA UZITO WA MNYORORO

Wazo la mgonjwa wa jana kumsaidia mgonjwa wa leo halikuanza na sisi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith, waligundua kwamba kila mmoja alipozungumza na mwenzake kwa ukweli, hamu ya kunywa ilipungua. Kutokana na mazungumzo yao likazaliwa kundi la Alcoholics Anonymous, ambalo leo limeenea duniani. Mwaka 1939, katika hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Thomas katika mji huo huo, mtawa aliyekuwa mpokeaji wa wagonjwa, Sista Mary Ignatia, alikubali kuwalaza walevi wakati ambapo hospitali nyingi ziliwafukuza. Mwaka 1942 mikutano ya kundi hilo ikaanza ndani ya gereza la San Quentin huko California.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Unguja, mwaka 2009, vijana walioacha heroini walianza nyumba za kuwapokea wenzao wanaotaka kuacha, nazo zikaitwa nyumba za nafuu au soba hausi. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waathirika wa heroini.

Na kwa sisi wa Katavi, uko mfano wa karibu zaidi, ambao wazee wa Karema wanaujua. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika wakamkomboa, akasomea uganga huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu kama mganga na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyekuwa mtumwa aliwahudumia wakazi wa Karema kwa zaidi ya miaka 60. Tunapomtazama msindikizaji wetu akiingia kwenye geti la gereza alilotoka, tunamkumbuka Dakta Atiman.

KOSA LETU

Sasa tufike kwenye kosa.

Miongoni mwa wasindikizaji wetu wa kwanza alikuwepo bwana mmoja tutakayemwita Fundi, maana kazi yake ni kutengeneza baiskeli. Aliwahi kufungwa kwa wizi alioufanya akiwa amelewa. Alipokuja kwetu alikuwa na miaka mitatu bila kugusa pombe. Alijua kuongea na watu, alijua kusoma na kuandika, na alikuwa na baiskeli yake mwenyewe. Tulifurahi mno. Tulimpa daftari, tukamwombea kibali aweze kuingia gerezani pamoja na padre, tukampa nauli kidogo kila mwezi.

Katika miezi sita tulimkabidhi watu kumi na mmoja. Kila mwisho wa mwezi alileta daftari, nasi tulimuuliza: “Umewaona wangapi? Wangapi wamekuja kliniki? Wangapi wamerudi kunywa?” Tulijumlisha, tukaandika ripoti. Mara mbili tulimsimamisha mbele ya wageni, atoe ushuhuda. Watu walipiga makofi. Katika miezi hiyo sita hatukumuuliza hata mara moja: “Na wewe, Fundi, hujambo?”

Desemba moja, baada ya msamaha, walitoka watu watano waliokuwa kwenye orodha yake. Mmoja wao alikuwa rafiki yake wa zamani, waliyekuwa wakinywa pamoja. Hakuwa na pa kulala. Fundi alimchukua akamlaza katika chumba alichofanyia kazi zake za baiskeli. Usiku wa pili yule rafiki alitoroka kwenda kilabuni, akarudi usiku wa manane, akalala. Asubuhi Fundi alimkuta amekufa.

Sisi tulikwenda mazishini. Tulitoa rambirambi. Kisha, tunaona aibu kuandika haya, Jumatatu iliyofuata tulimpelekea jina la kijana mwingine ambaye angetoka mwezi wa kwanza.

Siku ya kutoka kwa kijana huyo, hakuna aliyekuwepo langoni. Alisubiri, kwa maelezo yake mwenyewe, mpaka jua lilipokuwa kali. Baadaye akaondoka na watu aliowajua zamani. Kabla ya Kwaresima alikuwa amekamatwa tena. Nasi hatukujua lolote. Tuliendelea kudhani kwamba daftari limechelewa.

Aliyetufumbua macho ni mke wa Fundi. Alikuja hospitali mchana, akiwa na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni mwa chumba cha wauguzi.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.”

Hakukaa. Alisema, “Sista, mume wangu anakunywa tangu mwezi wa kwanza. Nyie mnamtuma kwa wafungwa wote wa Mpanda. Kwake yeye mnamtuma nani?”

Hatukuwa na jibu.

Tulipomwendea Fundi, hakukataa. Tulimuuliza kwa nini hakutuambia mapema, angalau siku ile ya kwanza. Alikaa kimya sana, halafu akasema, “Mama, mlinisimamisha mbele za watu mkasema mimi ni mfano. Mfano hauugui.”

Ndugu wasomaji, wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi tulio na vyeti ukutani tuliliona kovu la Fundi tukadhani kidonda kimekwisha. Chuoni tulifundishwa kumsimamia mwanafunzi wa uuguzi: kama ametandika kitanda vizuri, kama amepima joto sawasawa. Hatukufundishwa kumsimamia mtu ambaye chombo chake cha kazi ni maisha yake mwenyewe. Kila anapomfungulia mwenzake moyo, anagusa tena pale palipomuuma.

TUNAVYOFANYA SASA

Tumebadilisha mambo kadhaa. Tunayaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo hasa makusudi ya makala hii.

1. Tunaanza na mtu, daftari baadaye. Kila msindikizaji hukaa na mmoja wetu mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja, peke yao. Daftari hufunguliwa katika nusu ya pili. Nusu ya kwanza ni yake. Tunamuuliza: Umelalaje wiki hii? Ni nani kati ya uliowaona aliyekukumbusha maisha yako ya zamani? Ulipita njia ipi kwenda nyumbani? Ukishikwa na hamu saa nne usiku, utamgongea nani mlango? Swali la mwisho tusiporidhika na jibu lake, hatumpi mtu mpya.

2. Mzigo una kipimo. Msindikizaji mmoja hasindikizi watu zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Langoni huenda wawili, ili mmoja akipatwa na udhuru mwingine awepo. Hasindikizi rafiki yake wa kunywa naye wa zamani. Huyo hupewa mwingine. Akifiwa na mtu aliyemsindikiza, hupumzika, nasi tunamtembelea nyumbani kwake si kwa mazishi tu, bali na wiki zinazofuata.

3. Mipaka imeandikwa. Msindikizaji si mganga: hatoi dawa wala hashauri mtu kuacha dawa. Si wakili: haahidi dhamana. Si benki: hakopeshi wala hakopi. Hamlazi mtu nyumbani kwake. Mambo haya yanaonekana magumu, hata ya kukosa huruma. Lakini mtu anayegawa nguo yake ya mwisho mwezi wa kwanza, mwezi wa pili hana cha kugawa. Panapohitajika kitanda au nauli, ni kazi yetu na ya jumuiya kutafuta, asibebeshwe yeye.

4. Siri ina milango miwili. Anayoambiwa msindikizaji hayaendi sokoni, hayaendi kwa polisi, wala hayaendi kwa mke wa mhusika. Akianza kuwa mpelelezi, hakuna atakayemfungulia moyo tena. Lakini tangu siku ya kwanza humwambia mwenzake wazi: kuna mambo mawili sitayanyamazia. Moja ni hatari ya kuua au kujiua. La pili ni mtoto anayeteswa. Hayo ataleta kwetu siku hiyo hiyo, nasi tutashughulika nayo pamoja.

5. Kuanguka kumezungumzwa kabla hakujatokea. Kila msindikizaji anapoanza, tunakaa naye na kuandika pamoja: nikinywa, nitamwambia nani, katika muda gani, na nini kitafuata. Kinachofuata ni kwamba anasimama kuwaona watu wake, watu hao wanapewa mwingine siku ileile, naye anatibiwa kama mgonjwa yeyote. Hatangazwi, hafukuzwi. Tunatofautisha kuanguka na kudanganya. Anayeanguka akasema, tunamwinua. Anayetumia kazi hii kuomba hongo kwa ndugu wa wafungwa, au kumtaka mwanamke anayemsindikiza, huyo anaachishwa mara moja.

6. Nauli inajulikana. Ni kiasi kimoja kwa wote, hulipwa siku moja, nao hutia sahihi. Zamani tulitoa kwa kadiri tulivyoweza, na matokeo yake ni kwamba msindikizaji aliogopa kutueleza shida zake asije akapoteza nauli. Sasa wanajua kwamba aliyepumzika kwa kuugua hapotezi nafasi yake.

7. Msimamizi naye ana wa kumsimamia. Kinyozi hajinyoi. Sisi wenyewe tunaosikiliza, mara moja kwa mwezi tunakaa na mwenzetu asiyehusika na kazi hii, tunamweleza yaliyotulemea. Tuligundua kwamba hata sisi tulikuwa na haraka ya kuandika namba kwa sababu namba haziumizi.

WANAWAKE WALIOPIKA

Hatuna budi kusema neno juu ya akina mama. Wengi wa wanawake wanaofikishwa mbele ya sheria kwa ajili ya gongo tunaokutana nao hawakuwa wanywaji wakubwa, walikuwa wapikaji. Gongo ilinunua sare za shule. Mwanamke wa namna hii akitoka, anakuta watoto wameacha shule na mtungi uko palepale nyuma ya nyumba.

Msindikizaji wetu wa kike naye alikuwa mpikaji. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kumwambia mama “acha kupika” bila kuzungumzia ada na chakula ni kumpotezea muda. Huanza na hesabu: kilo ngapi za mahindi, madumu mangapi, alibaki na shilingi ngapi baada ya kuni na baada ya kukamatwa. Mara nyingi mama mwenyewe hushangaa kuona faida ilivyokuwa ndogo. Kisha huzungumza juu ya vikundi vya kuweka na kukopa, maandazi, mboga, au kibarua cha msimu. Katika usimamizi tumejifunza kumsikiliza huyu dada zaidi kuliko kumwelekeza. Lakini naye tunamuuliza kila wiki, maana wateja wake wa zamani bado humgongea usiku wakiuliza kama amebakiza.

MLANGO WA MAHAKAMA

Si kila mkosaji lazima apitie gerezani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya manufaa kwa jamii, bila malipo, badala ya kifungo kisichozidi miaka 3, endapo mwenyewe atakubali. Uko pia utaratibu wa uangalizi chini ya afisa probesheni. Afisa huyo hufanya uchunguzi wa mwenendo na mazingira ya mshitakiwa na kumpelekea hakimu taarifa.

Akija nyumbani kwenu kuuliza, msimfiche tatizo la pombe kwa kuona aibu. Mwelezeni wazi kwamba kijana ni mlevi, kwamba familia iko tayari kumpokea, na kwamba yupo mtu wa kumsindikiza. Hakimu akijua kuna watu wanaomsubiri mtu huyu nje, ana sababu moja zaidi ya kufikiria adhabu ya nje. Wasindikizaji wetu hawaendi mahakamani kumtetea mtu. Wanafika tu, wanakaa benchi la nyuma, ili mtu akigeuka aone uso anaoujua.

FAMILIA IFANYE NINI?

Yafuatayo hayahitaji cheti wala fedha nyingi:

– Jueni tarehe ya kutoka. Ulizeni mapema, mtu mmoja wa familia awepo langoni na nauli ya kurudi.

– Wiki mbili za kwanza asiachwe peke yake usiku. Akirudi amelewa, mlazeni ubavu, kamwe si chali, na mtu akae naye. Akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, akiwa wa baridi, au akiitwa haamki, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

– Mpelekeni kituo cha afya katika wiki ya kwanza. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Aliyekuwa kwenye dawa aje na barua au kadi yake.

– Msimkaribishe kwa pombe, hata kama ni sherehe ya kumshukuru Mungu. Ugali na maharage ni sherehe ya kutosha.

– Mpeni kazi ya siku ya kwanza, hata ndogo: kukata kuni, kuezeka banda la kuku. Mikono isiyo na kazi hujua njia ya kilabuni.

– Kama katika jumuiya yenu yuko aliyeacha pombe na anawasaidia wengine, msimfanye sanamu. Mwalikeni chakula bila kumwomba ushuhuda. Mwulizeni hali yake na ya watoto.

HALI ILIVYO LEO

Tungependa kumaliza kwa habari njema tupu, lakini tusingekuwa tumesema kweli.

Fundi alitibiwa, akakaa miezi sita bila kazi ya kusindikiza. Katika miezi hiyo alisindikizwa yeye, na yule dada aliyekuwa mpikaji wa gongo. Sasa amerudi. Ana watu watatu. Hatoi ushuhuda mbele ya wageni, na wageni wakitaka kusikia ushuhuda tunawapa chai. Mke wake huja kwetu mara moja kwa mwezi, maana tumeelewa kwamba nyumba ya msindikizaji nayo inabeba kazi hii.

Yule kijana ambaye hakupokewa bado yuko ndani. Tulikwenda kumwona pamoja na padre. Tulimwomba msamaha. Alisikiliza, akasema, “Mlisema mtakuwepo.” Hakuongeza neno. Tumerudi mara tatu tangu siku ile. Mara ya tatu aliuliza kama Fundi ni mzima.

Tarehe yake ya kutoka tumeiandika ukutani katika chumba cha wauguzi, juu ya ratiba ya zamu. Majina mawili yameandikwa pembeni yake, ya wale watakaokwenda langoni. Chini yake tumeandika jina la muuguzi atakayekaa na hao wawili jioni ya siku hiyo, awaulize wao wanaendeleaje.